Leso Sita, Miguu Saba

Kabla ya lori, Ruguru aliogopa kitu kimoja tu duniani: kondoo. Mbwa alimtimua kwa kiatu, wezi wa simu aliwatukana mpaka wakarudisha, na meneja akija kukagua kazi alijibiwa kama mteja mwingine yeyote, yaani vibaya. Lakini kondoo akimkazia yale macho ya mtu aliyesahau alichofuata dukani, Ruguru alivuka barabara.

Baada ya lori, kondoo alirudishwa nyuma kabisa ya foleni. Mbele yake walisimama matope, ngazi, sakafu iliyotoka kupigwa deki, viti vya plastiki, watoto wanaouliza maswali, na watu wazima wasiouliza ila wanaangalia, halafu wanageuza macho upesi kama waliokutwa wakichungulia bafu la jirani.

Lori lenyewe halikuwa na nia mbaya. Lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko pale Makutano, mjini Meru, limejaa mbao, na dereva alikuwa ameenda kunywa chai baada ya kuweka jiwe chini ya gurudumu. Jiwe lilikuwa na ukubwa wa kiazi. Mteremko ukakishinda kiazi, lori likarudi nyuma polepole, bila hata honi, mpaka kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa ambamo Ruguru, binti wa Manyatta kule Embu, alikuwa akimweleza mteja kwamba mtandao umepotea. Mguu wake wa kulia ulibanwa kati ya meza na gurudumu. Madaktari walihangaika nao siku nne. Siku ya tano wakaukata chini ya goti. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Wakati huo alikuwa na mchumba wa miezi mitatu, Mutwiri wa Kianjai, huko huko Meru, muuzaji katika duka la dawa za mifugo. Mutwiri alikuja wodini na ndizi mbivu kumi na mbili, akala nane mwenyewe. Ruguru alimtazama akila na akajua mambo mawili: kwamba huyu mtu anaogopa, na kwamba hata hivyo hajaondoka. La pili hakuliamini kwa muda mrefu.

Mama yake alimchukua nyumbani Manyatta. Nyumbani kwao ni pazuri kwa mtu mwenye miguu miwili na mapafu. Kuanzia hapo mpaka barabarani ni kupanda, kwenda shambani ni kushuka, na choo kimejengwa mahali ambapo hata mbuzi hufikiria kwanza. Kwa miezi kumi Ruguru hakuvuka kizingiti ila kwa hospitali na haja. Mama yake alimwekea kiti mlangoni apate kuona watu. Yeye akakigeuza kikaangalia ukuta. Watu wa kanisa walikuja kumwombea, wakaimba vizuri, na wakati wa chai mama mmoja akasema kwa sauti ya chini inayosikika nyumba nzima, "Maskini, na alikuwa msichana mrembo." Ruguru aliwaza alikufa lini kwamba sasa anasemwa kwa wakati uliopita.

Mguu wa bandia aliupata mjini Embu, kwenye karakana ya miguu iliyo nyuma ya hospitali. Fundi alimpimia, akamvalisha, akamwambia atembee kati ya vyuma viwili, na Ruguru akatembea huku akilia kimyakimya kwa woga. Ule mguu haukuwa na habari. Mguu wa nyama hukuletea taarifa: hapa pana jiwe, hapa pameloa, hapa ni shimo. Huu ulikuwa kama karani aliyelala kazini. Ilimbidi autazame kila hatua ndiyo ajue umefika.

"Njoo Alhamisi," fundi alimwambia. "Kuna wamama hukaa kwenye benchi pale nje. Mimi najua miguu. Wao wanajua kutembea."

Benchi lilikuwa la mbao, chini ya paa la mabati, na katikati yake alikaa bibi mmoja mkulima wa majani chai, jina lake Wamuyu, miaka sitini na kitu, mguu wa bandia ameuvua na kuuweka pembeni kama mwavuli.

"Wako uliishia wapi?" Wamuyu akamuuliza, bila salamu.

"Chini ya goti, shosho."

"Basi uko na mali. Mtu mwenye goti asinililie. Wangu uliliwa na sukari, huyu Ciku aliangushwa na boda boda, Mama Muriithi ni mfupa uliooza, na Kananu aliumwa na nyoka akaenda kwa mganga kwanza. Wewe?"

"Lori."

"Lori likienda kasi?"

"Lilikuwa limeegeshwa."

Ciku, msichana wa saluni mwenye kope bandia zinazolingana na mguu, akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, na Ruguru akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ndani ya kile kicheko. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu acheke mara ya mwisho.

Hawa ndio waliomfundisha. Na somo la kwanza, la ajabu, halikuwa kutembea. Lilikuwa kuanguka. Nyuma ya karakana kulikuwa na nyasi, na kila Alhamisi Wamuyu aliwapanga pale kama kocha wa timu iliyoshuka daraja.

"Utaanguka," alimwambia Ruguru. "Hilo halina mjadala, tunaishi kwenye mlima. Swali ni kama utaanguka kama mtu au kama gunia la makaa. Achia mikono. Geuka ubavu. Haya, anguka."

"Shosho, siwezi."

"Kuanguka unashindwa? Hata mtoto wa siku saba anaweza."

Alianguka. Mara ya kwanza kama gunia, mara ya ishirini kama mtu. Lakini woga haukuisha. Uliingia ndani zaidi, ukakaa chini ya mbavu, ukawa unatoka naye asubuhi anapovaa soksi ya kigutu na kurudi jioni anapoivua. Alijifunza kutembea nao, kama mtu anayetembea na mkoba asioweza kuuweka chini.

Ndipo Mutwiri, ambaye alikuwa akija kutoka Kianjai kila mwisho wa mwezi, akasema wazee wake wanataka kuleta mahari. Ruracio, sherehe yenyewe ya mahari, ingefanyika nyumbani kwa kina Ruguru, Jumamosi moja ya Novemba, mbele ya koo mbili.

"Umemwambia mama yako?" Ruguru alimuuliza kwa simu.

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba uliumia mguu."

"Mutwiri. Aliyeumia mguu anaupaka dawa, unapona. Wangu haujaumia. Wangu haupo."

"Nitamwambia vizuri. Natafuta siku nzuri."

Hiyo ilikuwa Machi. Mutwiri angeweza kukueleza minyoo ya ng'ombe kwa majina yao mpaka ukose hamu ya nyama, lakini jambo la moyoni alilitembeza mdomoni kama kiazi cha moto. Siku nzuri haikutokea Aprili, haikutokea Agosti, na Novemba ikafika watu wa Kianjai wakijua tu kwamba bibi harusi aliwahi kuumia.

Ruguru hakulala vizuri kuanzia hapo. Aliwaona waziwazi: wanashuka kwenye magari na mbuzi wao, wanaona, wanatazamana, mzee mmoja anakohoa, na mbuzi wanapakiwa tena. Katika picha hiyo hakuna aliyetukana mtu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, ule upole wao.

Kisha mama yake akakumbuka leso.

Siku ya mahari, bibi harusi hatolewi hivihivi. Anapangwa pamoja na wanawake wengine, wote wamefunikwa leso kuanzia kichwani mpaka chini, wanatoka kwa mstari wakiimbiwa, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake bila kugusa. Akikosea anatozwa faini, na atachekwa mpaka wajukuu wake wasimuliwe.

"Mama, tuache hiyo," Ruguru alisema.

"Tuache? Binti yangu wa pekee nimtoe wazi kama maboga?"

"Mama, fikiria. Wasichana watano wanatembea sawa, wa sita anachechemea. Hata kipofu atanichagua. Na wale wa Kianjai wote watajua hapo hapo, wakati mmoja, na mimi nimefunikwa kichwa kama kuku anayepelekwa sokoni."

Mama yake alikaa kwenye kochi na kukunja leso aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena.  Lakini nia ya kuacha hakuwa nayo.

Alhamisi Ruguru alipeleka mambo benchini. Aliyasema yote, la mama mkwe asiyejua, la leso, la nyasi za kwao ambazo Novemba huwa kama sabuni. Aliposema "nitakufa pale" hakuwa anapamba hadithi.

Wamuyu alitafuna mahindi yake, akamaliza mstari mzima.

"Wanahitajika wangapi?" akauliza.

"Wa nini?"

"Wa kufunikwa."

"Watano, pamoja na mimi sita."

Wamuyu akahesabu benchi kwa gunzi la mahindi. "Mimi, Ciku, Mama Muriithi, Kananu. Wanne. Utafute mmoja nyumbani, tumfundishe kuchechemea."

Huyo mmoja akawa binamu yake, Wanjira, msichana wa miguu miwili mizima na akili ya kuchekacheka. Alifanyishwa mazoezi siku mbili. Alichechemea vibaya kuliko watu wote ambao Mungu amewahi kuumba, kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto, na akiambiwa apunguze alizidisha.

"Mwacheni," alisema Wamuyu. "Leso sita, miguu saba. Hesabu ya namna hiyo hakuna Mmeru ataipata."

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi asubuhi ikaacha, jua likatoka kama mtu asiyejua lolote, na kiwanja kikabaki kinang'aa. Kutoka mlango wa jikoni mpaka kati ya mahema mawili ni hatua ishirini na tatu. Ruguru alikuwa amezihesabu mara nyingi kuliko alivyosali.

Wageni walifika saa sita. Kutoka jikoni aliwasikia: milango ya magari, nyimbo za Kimeru zikishuka njia, mbuzi, na sauti moja nene ya mwanamke ikisema kwa utulivu, "Mahali hapa ni padogo lakini ni pasafi."  Hakuhitaji kuambiwa. Huyo alikuwa Ciakuthii, mama yake Mutwiri.

"Naomba mnifungulie mlango wa nyuma," Ruguru akasema.

"Uende wapi?" Ciku alimuuliza, akimfunga leso kiunoni.

"Popote."

"Mlango wa nyuma unatokea chooni, dada. Na huko ndiko kubaya zaidi."

Walikuwa wamevaa raba nyeusi zinazofanana, wote sita, ili viatu visiseme. Leso zikashushwa. Dunia ikawa ya maua mekundu na manjano, yenye harufu ya moshi na sabuni, na chini kabisa, kiduara cha ardhi kikubwa kama sinia. Hapo ndipo woga wenyewe ulipokuwa. Ruguru aliishi kwa kuutazama mguu wake, na sasa aliachiwa sinia moja tu ya kuutazamia. Alimshika kiuno Wanjira aliyekuwa mbele yake, na nyuma yake akahisi mikono ya Wamuyu, migumu, yenye nyufa za majani chai.

"Ukianguka, nakuangukia," Wamuyu akanong'ona. "Hutakuwa peke yako chini."

Vigelegele vikapigwa. Wakatoka.

Moja. Mbili. Nyasi. Ya nne iliteleza kidogo akasikia jasho likimtoka nyuma ya masikio. Kiuno cha Wanjira kilikuwa kinatikisika. Mwanzoni Ruguru alidhani ni woga, akamhurumia, kisha akasikia pumzi ya puani na akaelewa kwamba yule mjinga anacheka. Ya tisa. Ya kumi. Soketi, pale kigutu kinapoingia, ilikuwa imeanza kulowa jasho na mguu ukawa unazungukazunguka ndani kama kijiko kwenye kikombe. Akasikia upande wa Kianjai ukitulia, halafu minong'ono.

"Mbona wanatembea hivyo wote?"

"Ni mtindo wa huku. Ngoma ya Waembu."

"Ah."

Na vijana wawili wa Kianjai, kwa heshima na nia njema, wakaanza kupiga makofi kufuata mchechemeo, wakidhani ni dansi. Wengine wakadakia. Ruguru alitamani ardhi ifunguke, lakini alihitaji hiyo ardhi kwa ajili ya hatua ya kumi na nane. Ishirini. Ishirini na tatu. Mstari ukasimama. Hakuna aliyeanguka.

Mjomba wake, Nyaga, aliyekuwa msemaji wa nyumbani, akamkaribisha bwana harusi aje achague. Katika sinia lake la ardhi, Ruguru aliona viatu vya Mutwiri, vya kahawia, vimepakwa kiwi na matope kwa kiasi sawa. Vilikwenda mwanzo wa mstari, vikarudi. Vikasimama mbele yake.

 Alitaka Mutwiri amjue, na alitaka kwa nguvu zilezile asimjue, kwa maana akimjua atafunuliwa, na akifunuliwa atatembea wazi, na yule mwanamke wa sauti nene ataona. Alikaza magoti yote mawili, yote mawili bado ya nyama, akawa mti.

Viatu vikasogea.

"Huyu hapa," Mutwiri akasema, akimwelekeza mkono Wanjira.

Leso ikavutwa, na vicheko vikalipuka pande zote. Wanjira aliinama, akawacheka wageni usoni, akageuka na kukimbia jikoni mbio za mbuzi mtoto, akiruka dimbwi njiani.

Vicheko vilidumu, kisha vikaanza kupungua kutoka hema la Kianjai, mtu mmoja mmoja. Mzee Murungi, msemaji wao, akasimama na fimbo yake.

"Nyaga, rafiki yangu, nina swali dogo. Yule msichana alikuja akichechemea, ameondoka akikimbia. Amepona saa ngapi?"

Watu wakacheka.

"Kama ni maombi," Mzee Murungi akaendelea, "nina magoti mawili hapa nimekuja nayo."

Wakacheka zaidi. Lakini ile sauti nene haikuwa ikicheka.

"Na hawa waliobaki," Ciakuthii akauliza, "nao watakimbia?"

 Mjomba Nyaga alifungua kinywa, kikabaki wazi. Mutwiri akasema, "Mama," akaishia hapo.

 Chini ya leso, Ruguru angeweza kukaa kimya. Mjomba angetafuta mzaha, mchezo ungeendelea, na Mutwiri angeendelea kutafuta siku nzuri mpaka watoto waanze shule. Ndiyo njia aliyoitaka. Mwili wake wote uliitaka.

"Shosho," akanong'ona.

"Niko hapa."

"Naogopa."

"Naona. Mgongo wako umelowa."

Ruguru akaivua leso mwenyewe.

"Hapana, hapana," Mjomba Nyaga akasema kwa haraka, "bibi harusi hajifunui, hiyo si..." Hakuna aliyemsikiliza. Jua lilimpiga Ruguru machoni akaona nyuso tu, nyingi, zimegeuka upande wake kama mahindi shambani.

"Mama Mutwiri," akasema, na sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mama Mutwiri. Mimi ndiye Ruguru. Hatutakimbia. Mguu wangu wa kulia ulikatwa, yapata miaka miwili. Hawa ni wenzangu, walikuja nisitembee peke yangu."

Akavuta gauni juu kidogo, ukaonekana, wa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Wamuyu naye akavua leso, na Ciku, na Mama Muriithi, na Kananu, wakasimama pale na jua lao.

Ciakuthii aliinuka. Alikuwa mwanamke mpana, wa kitenge kilichoshonwa na fundi anayejua kazi, na alivuka kiwanja bila haraka. Ruguru alijua sasa ule upole unakuja. Alijiandaa. Ciakuthii akautazama mguu, akamtazama Ruguru usoni, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe uliniambia ameumia."

"Ndiyo, mama."

"Ng'ombe wa jirani alipovunjika pembe ulinieleza siku tatu. Ulichora na picha."

Kutoka hema la Kianjai mtu mmoja alicheka akajifanya anakohoa.

Ciakuthii akamrudia Ruguru. "Kwetu nyumba iko juu na maji yako chini. Utaweza?"

Ruguru alikuwa na jibu. Alilifanyia mazoezi kwenye kioo, jibu zuri, la ujasiri, lenye jina la Mungu ndani. Likapotea lote.

"Sijui," akasema. "Sijajaribu. Naogopa. Hata sasa hivi hapa naogopa."

Ciakuthii aliitikia kwa kichwa polepole, akiliweka jibu mahali pake.

"Aliyekuja kwa mwanangu mkubwa alisema ataweza kila kitu," akasema. "Hakumaliza msimu mmoja wa mvua. Wewe tutajua tukifika." Kisha, kwa Wamuyu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisubiri kuuliza, "Huo wako nao, unavua ukilala ama unalala nao?"

"Navua," Wamuyu akasema. "Naweka mlangoni. Wezi wakija wanadhani kuna mwanamume."

Hapo ndipo kiwanja kilipopumua. Mutwiri alimsogelea Ruguru, uso umemshuka.

"Mbona ulimchagua Wanjira?" Ruguru akamuuliza. Lilimtoka kwa ukali, ukali wa zamani wa kibandani. "Unamjua Wanjira, ama unanijua mimi?"

"Nilimtafuta anayetetemeka," Mutwiri akasema. "Nilijua lazima utakuwa unatetemeka. Wewe nilikupita kwa sababu ulisimama imara, nikasema huyu si yeye, huyu haogopi kitu."

  Ruguru alikuwa amesimama pale akifa, na mtu anayemjua kuliko wote alipita mbele yake asione.

"Faini iko palepale," Mjomba Nyaga akatangaza, akifurahi kupata kazi tena. "Kreti mbili za soda kwa kukosea, na moja kwa kuficha habari."

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Mama yake alitoka jikoni na kibuyu cha uji wa wimbi, kimejaa mpaka shingoni, akamkabidhi. Bibi harusi ndiye ampelekee bwana harusi anywe mbele ya watu, na akinywa, basi imekwisha, wamekubaliana. Mutwiri alirudishwa akaketi katikati ya wazee wake. Ruguru akabaki na kibuyu.

Kilikuwa kizito, cha kushikwa kwa mikono miwili. Hapakuwa na kiuno cha kushika. Kati yake na hema la Kianjai palikuwa na mteremko mfupi, na ule mteremko ulikuwa umekanyagwa na mbuzi, wapiga makofi na Wanjira mpaka ukawa uji wa pili.

Alikwenda hatua sita. Ya saba mguu wa bandia uliteleza nusu futi, uji ukamwagika kifuani, watu wakasema "aaa" kwa pamoja, na yeye akasimama akiwa amekaza kila msuli alionao. Hakuanguka. Lakini hakuweza pia kuendelea. Mbele palikuwa na utelezi mtupu, nyuma vilevile. Aliona watu wawili watatu wakinyanyuka nusu, hawajui kama inaruhusiwa. Woga ulimpanda mpaka kooni, na kooni ukakuta kitu kingine ambacho kilikuwa hakijatumika kwa miaka miwili.

"Wewe wa suti ya bluu," akasema.

Mwanamume mmoja wa Kianjai akajigusa kifua.

"Ndiyo, wewe. Hapa sipiti. Kuna majani makavu ya migomba pale nyuma ya zizi, leta. Na huyo jirani yako akusaidie, amekaa tu. Mtandaze kuanzia hapa mpaka pale. Nene. Sina siku nzima, mikono inaniuma."

Wa suti ya bluu akaenda mbio. Wakaenda wanne. Majani yakaletwa, yakatandazwa, mtu akaleta na gunia, na Mama Muriithi, ambaye aliwahi kuuza kabichi na kuamuru wapagazi, akasimama akisahihisha. Wakati wote huo Ruguru alisimama katikati ya kiwanja na kibuyu, mikono ikitetemeka sasa bila siri, nyuso zaidi ya mia zikimtazama, na hakugeuza uso wake popote.

Wakamaliza. Akapita. Majani yalilia chini ya raba, kulia, kushoto, kulia, na alitazama mguu wake kila hatua kwa sababu hakuna mtu wa kumkataza. Alipofika, Mutwiri alipokea kibuyu kwa mikono miwili akanywa, na uji ukamchuruzika kwenye tai, akanywa tena. Vigelegele vikaanza kwa Waembu, vikadakwa na Wameru. Ciakuthii akaomba kibuyu, akaonja, akasema wimbi ni nzuri, sukari ndiyo kidogo.

Ruguru akageuka kuangalia jikoni. Majani yalikuwa yamezama nusu kwenye matope. Na kurudi kulikuwa kupanda. Moyo ukaanza upya, dududu, kana kwamba haukufanya kazi yoyote siku hiyo.

"Nishike mkono," alimwambia Mutwiri.

Mutwiri aliangalia wazee wake, akaangalia wazee wa kwao. "Mbele ya watu hawa wote?"

"Hii milima haitangoja mpaka waondoke."

Akasimama, akajifuta tai, akampa mkono. Ulikuwa unatetemeka kuliko wake.

"Usiniharakishe," Ruguru akasema, na wakaanza kupanda.